Nimekupata, Mwalimu?

Kama kuna mtu aliyejua kusikiliza katika shule ile, basi ni Mwalimu Kengele, ingawa mwenyewe asingekubali hata ungemwapisha. Mwaka mzima alikiegemeza kiti chake kwenye ukuta wa mbao nyembamba uliotenganisha vyumba viwili vya chekechea, sikio likiwa karibu na ufa, akijitia anasahihisha madaftari. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, sikatai, lakini alama za vema alizotoa siku hizo zilikuwa za kubahatisha. Kuna mtoto aliandika tatu kichwa chini miguu juu na akapata vema mbili.

Upande wa pili wa ukuta alikuwa Mwalimu Mdogo.

Jina hilo alipewa na watoto, na lilimkaa. Alikuwa mdogo wa umri na mdogo wa kimo, akikalia viti vya watoto bila magoti kumgonga kidevu. Alikuja mwanzoni mwa mwaka na mkoba mmoja wa kitambaa, hana kengele, hana rula, na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Siku ya kwanza Mwalimu Kengele alimtazama juu hadi chini, akaona hapana kitu hapa, huyu watoto watamla mzima mzima kabla ya mapumziko ya uji. Akamwonea huruma. Huruma ile ilidumu siku mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na miwili darasani, na kengele ya shaba yenye mpini wa mbao. Ikilia mara moja, kaa. Mara mbili, nyamaza. Mara tatu, usiombe ujue. Nusu ya watu wazima wa mtaa ule walipita chini ya kengele hiyo, na mpaka leo muuza mikate wa pale kona akiisikia kwa mbali hunyoosha mgongo. Kuhusu masikio ya watoto, Mwalimu Kengele alikuwa na imani moja tu: mtoto hasikii mpaka apigiwe kengele. Yanayosemwa kabla ya hapo yanampita juu kwa juu. Imani hii muiweke akilini, maana ndiyo iliyomponza.

Siku ya tatu ya muhula, upande wa pili ulikuwa kimya. Mwalimu Kengele alidhani wametoka kucheza. Akatega sikio, akasikia mtoto mmoja anaongea, polepole, peke yake, na wengine hawamkatizi. Akainuka, akapiga chabo kwenye ufa. Watoto thelathini walikuwa wameketi mkekani kwa duara, shingo mbele, wametulia tuli, na hakuna aliyewapigia chochote.

Roho ilimuuma pale pale. Hakutafuta jina la maumivu yale. Alikaa, akachukua kalamu nyekundu, akaharibu daftari la mtu.

Baada ya wiki mbili za kutega sikio alikuwa ameushika mchezo wote. Mtoto mmoja anasema jambo lake. Jirani yake haruhusiwi kusema la kwake mpaka amrudishie mwenzake alichosema. Wote humuuliza kwa pamoja, "Masikio yamesikia nini?" naye anarudisha maneno. Kisha humuuliza, "Macho yameona nini?" naye anasema uso na mikono ya mwenzake ilikuwa inasema nini. Mwisho anamgeukia mwenye jambo, anamuuliza, "Nimekupata?" Mwenye jambo anajibu "Umenipata," au "Hujanipata," na kama hajapatwa, wanaanza upya. Na hapo mwisho ni marufuku kudanganya. Mwalimu Mdogo alilirudia hilo kila asubuhi: mwenzako amehangaika kukusikiliza, sasa usimfanye aonekane mwongo.

Siku moja mvulana mmoja alisema, "Mimi nimenunuliwa viatu vipya."

"Masikio yamesikia nini?"

"Amenunuliwa viatu vipya."

"Macho yameona nini?"

Jirani yake alifikiri kidogo. "Anavificha chini ya mkeka. Nimekupata?"

"Umenipata," akasema mwenye viatu. "Vinanibana. Lakini mama alifurahi sana."

Mwalimu Kengele alisikia yote hayo kupitia ufa. Alisonya. "Upuuzi mtupu," akajiambia. Lakini kalamu nyekundu ilikuwa imesimama hewani muda wote ule, na aliichukia kalamu ile kuliko mvulana, viatu na mwalimu wake.

Langoni ndiko kulikomzidishia uchungu. Zamani wakati wa kutoka wazazi walijipanga kwake: mwanangu ameshindaje, mwanangu amekula? Sasa walimtupia "Shikamoo, mwalimu" ya kupita, wala hawangoji marahaba, wanakimbilia kwa yule. Mama mmoja, ambaye Mwalimu Kengele alimfundisha yeye mwenyewe kushika penseli, alimpita begani akienda kumshika Mwalimu Mdogo mikono miwili.

"Mwalimu, umemfanya nini mwanangu? Jana nimefoka weee, nimemaliza, ananitazama, ananiambia, 'Mama, umechoka. Nimekupata?' Nikabaki mdomo wazi!"

Watu wakacheka. Mwalimu Mdogo naye akacheka, kichwa chini, kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyomchoma zaidi Mwalimu Kengele. Angekuwa na majivuno angalau angechukika kwa raha.

Nyumbani alimwaga yote kwa mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, na meza yake ya kazi ilikuwa hapo hapo sebuleni chini ya dirisha.

"Kanajifanya kananong'ona ili watu waseme kapole," Mwalimu Kengele alisema. "Ningenong'ona mimi mwaka ule nilipokuwa na watoto sabini, tungekuwa wapi leo?"

"Mmh," mumewe akasema. Alikuwa ameweka saa sikioni, macho ameyafumba.

"Unanisikia lakini?"

"Nasikia. Inachelewa."

"Nani anachelewa?"

"Saa, bibie." Aliishusha mezani. "Wewe huchelewi. Wewe una wivu."

"Wivu! Mimi? Nimwonee wivu yule, ana nini nisichokuwa nacho?"

Fundi saa alichukua bisibisi yake ndogo akaendelea na kazi, na Mwalimu Kengele akaenda jikoni kugonganisha sufuria. Aligonganisha hata zile safi.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliwaita walimu wote wawili ofisini. Alikuwa mtu wa kuchezea funguo, na siku hiyo alizichezea sana. Alisema likizo ijayo ukuta wa mbao utaondolewa. Vyumba viwili vitakuwa darasa moja, watoto sitini, na darasa moja linahitaji mwalimu mmoja wa kuongoza. Mwingine atakuwa msaidizi.

"Msaidizi wa kufanya nini?" aliuliza Mwalimu Kengele.

"Aa, mambo madogo madogo. Kugawa penseli. Kupangusa pua." Funguo zililia. "Alhamisi ya wiki ijayo atakuja mkaguzi. Atakaa kwako, kisha atakaa kwa mwenzako. Neno lake ndilo litakaloamua, si mimi."

Mwalimu Kengele alirudi darasani. Aliwaambia watoto wachore chochote wanachotaka, akageukia ubao, akampigia simu dada yake. Kengele hakuipiga, kwa hiyo kwa hesabu zake mle chumbani hapakuwa na mtu mwenye masikio.

"Dada, nakwambia hako kasichana ni kanafiki," alisema. "Kanajipendekeza kwa Mkuu, kanajipendekeza kwa wazazi. Kufundisha hakajui, kanajua kunong'ona tu, nyoo! Miaka ishirini na miwili, dada. Hawa watoto ni wangu. Ndio watoto niliojaliwa. Kataninyang'anya hivi hivi naona."

Dada yake alisema maneno ya kumtuliza. Hayakumtuliza. Alikata simu, machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuwa na leso karibu akajipangusa kwa dasta ya ubaoni. Alipogeuka, nusu ya uso ilikuwa nyeupe kwa chaki. Watoto walikuwa wameinamia karatasi zao. Mmoja tu alikuwa anamtazama, kakaa dawati la mbele kabisa, penseli mdomoni.

Huyo alikuwa Pengo. Aliitwa hivyo kwa sababu meno yake mawili ya mbele yaling'oka mapema na hayakuwa na haraka ya kurudi. Tangu mwaka uanze Pengo alikuwa amesema darasani "ndiyo, mwalimu" na "hapana, mwalimu", basi. Mama yake alisema nyumbani naye ni hivyo hivyo. Mwalimu Kengele alishamwandika katika daftari lake kuwa ni mtoto mzito, akamwacha na uzito wake.

"Chora," alimwambia. Pengo akachora.

Usiku huo Mwalimu Kengele alikata shauri. Kama mchezo wa yule mnyong'onyevu ndio unaopendwa, hata yeye anaujua. Ameusikiliza mwaka mzima. Atauiba. Tena atauiba na kuufanya vizuri zaidi, kwa utaratibu, si kwa kulegealegea. Mambo ya macho aliyaacha, aliona ni kupoteza muda. Na lile la "nimekupata" alilitupa kabisa, maana tangu lini mtoto wa miaka mitano akamuuliza mtu mzima maswali ya namna hiyo? Alibakiza masikio.

Siku tatu aliwanoa. Kengele ngaa! "Leo ni Jumatatu. Masikio yamesikia nini?" Darasa zima, kwa sauti moja: "Leo ni Jumatatu!" Kengele ngaa! "Mtoto mwema hunawa mikono. Masikio yamesikia nini?" "Mtoto mwema hunawa mikono!" Madirisha yalitikisika. Upande wa pili Mwalimu Mdogo bila shaka alisikia mali yake ikipigwa mnada, lakini hakuja kuuliza. Mwalimu Kengele alimngoja aje. Alikuwa ameandaa majibu manne.

Alhamisi mkaguzi alifika, mwanamke mnene mwenye faili na miwani iliyofungwa kamba. Aliketi nyuma, na Mwalimu Mkuu pembeni yake na funguo zake. Mwalimu Kengele alikuwa amevaa gauni la kijani la harusi ya mpwa wake. Aliinua kengele, na darasa likaenda bila kosa hata moja. Neno lilitoka, neno lilirudi. Mkaguzi aliandika, akatikisa kichwa kukubali, akaandika tena. Mwalimu Kengele aliona kalamu ile inavyokwenda, moyo ukamruka kwa furaha. Darasa lilikuwa lake.

"Wanashika vizuri sana," alisema mkaguzi. "Sasa nataka kitu kimoja, kisha nimemaliza. Watoto, nani atanirudishia jambo alilolisikia siku nyingine? Si leo. Jambo lolote ambalo hajalisahau."

Mikono mitano ikainuka. Kisha, mbele kabisa, ukainuka wa sita, taratibu. Ulikuwa mkono wa Pengo.

Hapa ndipo tamaa ilipomfanyia mtu kazi yake. Angeweza kumchagua yeyote. Lakini Mwalimu Kengele aliona: mtoto aliyekuwa hasemi, leo anasema, tena kwangu, mbele ya mkaguzi! Yule wa ng'ambo atapata wapi cha kushindana na hili?

"Huyu," alimwambia mkaguzi, na sauti ilijaa, "huyu mwaka mzima hakuwahi kufungua mdomo. Simama, mwanangu. Masikio yamesikia nini?"

Pengo akasimama. Aliweka mikono nyuma.

"Mwalimu alikuwa anaongea na simu," alisema. Pengo la meno lilimpulizia maneno, lakini yalisikika yote. "Alisema, 'Dada, nakwambia hako kasichana ni kanafiki. Kanajipendekeza kwa Mkuu, kanajipendekeza kwa wazazi. Kufundisha hakajui, kanajua kunong'ona tu, nyoo!'"

Ile "nyoo" aliitoa barabara, hata mdomo aliupinda. Funguo za Mwalimu Mkuu zilinyamaza. Mkono wa Mwalimu Kengele ulikwenda kwenye kengele na ukasahau umeendea nini.

"'Hawa watoto ni wangu,'" Pengo akaendelea. "'Ndio watoto niliojaliwa. Kataninyang'anya hivi hivi naona.' Basi."

Upande wa pili wa ukuta, watoto thelathini wa Mwalimu Mdogo, ambao nao walikuwa wanasikiliza kama walivyozoeshwa, waliona kuna jambo limekatwa katikati. Hawakungoja kuambiwa. Mbao zikatoa sauti yao, wote kwa pamoja:

"Macho yameona nini?"

Mtu asifikiri Pengo alishtuka. Mwaka mzima alikuwa anausikia mchezo ule kupitia ukuta ule ule. Aliujua wote, si nusu yake.

"Macho yameona mwalimu analia," alisema. "Alijifuta na dasta, akawa na chaki hapa." Alijigusa shavu. "Hajakasirika. Anaogopa. Anaogopa sisi tutampenda mwalimu mwingine, halafu yeye atabaki hana mtu."

Kisha akageuka. Alimtazama Mwalimu Kengele usoni, akamuuliza lile swali ambalo halikuwamo katika mafunzo ya siku tatu:

"Nimekupata, mwalimu?"

Fikirini pale aliposimama mwanamke yule. Njia ilikuwapo, tena pana. Angecheka, angesema watoto bwana, jana alikuwa anatazama mchezo kwenye televisheni anachanganya mambo. Mkaguzi angecheka pia. Watu wazima husaidiana mambo hayo. Darasa lingebaki lake. Neno moja tu lilihitajika, "hujanipata", na mtoto aliyefungua mdomo kwa mara ya kwanza angekuwa mwongo mbele ya watu wote, angeufunga, na Mungu anajua angeufungua lini tena.

Alitaka kulisema neno hilo. Tusimpake mafuta, alilitaka mno; lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alikuwa anamtazama Pengo, na macho yake, ambayo siku zote aliyatumia kuhesabu vichwa, yaliona vidole vya mtoto vimekamatana nyuma ya mgongo mpaka vimepauka.

Aliiweka kengele mezani.

"Umenipata," alisema. "Nina wivu, nao unanitesa. Umenipata, mwanangu."

Pengo akatikisa kichwa, kama mtu aliyefikisha ujumbe. Akaketi. Kisha akainua mkono tena, akasema, "Kuna lingine. Paka wetu amezaa." Na mikono mingine ikaanza kuinuka, darasa zima, kila mmoja na lake, hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu Kengele alivuta kiti cha mtoto, akakikalia, magoti yakamgonga kidevu, akaanza na paka.

Saa sita alikutana na Mwalimu Mdogo ukumbini. Hapakuwa na mlango wa kuingia wala kona ya kukatia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule binti.

"Marahaba. Ulisikia."

"Ukuta wenyewe mbao, mwalimu." Macho ya binti yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Nimekasirika. Sitasema sijakasirika. Kanafiki mimi?"

"Nilisema hivyo. Sikuwa na haki, niwie radhi."

Mwalimu Mdogo hakusema yameisha, maana hayakuwa yameisha. Alisema, "Pengo aliongea," na sauti ikarudi chini.

"Aliongea."

"Mimi nilijaribu wakati wa mapumziko, mara nyingi. Hakuniambia hata jina lake."

Likizo ilipofika mafundi waliubomoa ukuta, na mkaguzi alikuwa ameshatoa neno lake: darasa likaenda kwa Mwalimu Mdogo. Mwalimu Kengele akawa msaidizi. Siku barua ilipofika alilia, akalala mchana, akamnyima mumewe maneno mpaka jioni. Fundi saa aliweka vifaa vyake kando, akaketi karibu naye mikono mitupu, akangoja. Kengele aliipeleka nyumbani, iko rafuni kati ya saa zisizo na wenyewe.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa shule aligawa penseli sitini. Alipangusa pua nyingi. Mbele, Mwalimu Mdogo alinong'ona na watoto sitini wakainamia mbele kumsikia, na kijiba cha roho kikamwinuka Mwalimu Kengele kile kile, hakikuwa kimepungua hata chembe. Alikaza meno, akaendelea kugawa.

Saa nne, wakati wa uji, Pengo alitokea mlangoni. Alikuwa darasa la kwanza sasa, sare mpya, jino moja limechungulia. Mwalimu Mdogo alimwona kwanza, akachuchumaa, akamfungulia mikono yote miwili.

Pengo akasema, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu, akampita. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma, kwenye kopo la penseli.

"Nina jambo," alimwambia Mwalimu Kengele. "Refu."

Mwalimu Kengele akavuta kiti kidogo, akakaa, akatega sikio. Lakini kabla mtoto hajaanza, alinyanyua macho mara moja, akamwona Mwalimu Mdogo bado amechuchumaa pale mbele, mikono imebaki wazi haina mtu, na usoni kuna kitu kimempita upesi kabla hajatabasamu. Mwingine asingekiona. Mwalimu Kengele alikifahamu vizuri sana, amekaa nacho mwaka mzima.

Alimwonea huruma. Na kwa kuwa tumekubaliana hapa hapadanganywi mtu, alifurahi pia, kidogo. Kisha akamgeukia Pengo, akasema, "Haya, nakusikiliza."